Depo ilipofunguliwa mbele ya mashine yangu

Siku depo ilipofunguliwa, mwezi wa sita mwaka 2021, nilivuka barabara nikiwa bado na vumbi la unga kichwani. Nilijifanya mnunuzi. Mifuko ya unga wa mahindi ilikuwa imepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na bati, kilo 25 kila mmoja, myeupe, imeshonwa vizuri kwa mashine. Nikauliza bei. Franka elfu ishirini na moja na mia tano. Mimi siku hiyo nilikuwa nauza mfuko wa uzito huohuo 24,500. Nilirudi upande wangu wa barabara nikakaa juu ya gunia la mahindi, hadi kijana wangu wa mashine akaniuliza kama ninaumwa.

Ninasaga mahindi Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Mashine ilikuwa ya baba. Alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza 2003. Wenzake walinunua teksi, wengine wakajenga nyumba za kupangisha. Yeye alinunua mashine ya nyundo na mota ya umeme. Alisema mtu wa hapa anaweza kukosa nyama, akakosa hata sombe, yaani kisamvu, lakini bukari, ugali wetu, hawezi kuiacha. Alipofariki 2014 nikabaki na mashine, na daftari lake, na wateja wake. Kwa miaka saba niliamini kwamba najua kufanya biashara, kumbe nilikuwa tu sijapata mshindani.

Kosa la kwanza nililifanya kabla jua halijazama siku ileile. Nilifuta 24,500 kwenye ubao nikaandika 21,000.

Watu walikuja, siwezi kusema hawakuja. Wiki ile niliuza mifuko 40, na wiki zilizofuata vilevile, nami nikawa natembea kichwa juu. Kwa hesabu yangu ya kichwani, mfuko ulikuwa unanigharimu kama 20,100, kwa hiyo nilidhani bado napata 900. Baada ya wiki kumi na moja mkanda wa mota ukakatika. Nikafungua sanduku kutafuta hela ya mkanda mpya, nikakuta haitoshi. Mkanda! Usiku huo ndipo nilipokaa na daftari la baba na kalamu, nikaandika kila kitu bila kujionea huruma.

Naiweka hapa kama nilivyoiandika, maana najua wenzangu wengi wanapiga hesabu kichwani kama mimi. Kwangu, kilo 100 za mahindi yakikobolewa hutoa kama kilo 75 za unga mweupe, kilichobaki ni pumba. Kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unataka mahindi kilo 33 na kidogo. Mahindi wakati ule nilikuwa nanunua 550 kilo moja, hiyo ni 18,300. Umeme, pamoja na mazuti, yaani dizeli, ya jenereta siku SNEL, shirika la umeme, inapokata, 1,500. Mfuko mtupu na uzi, 700. Kubeba, 800. Mshahara wa kijana ukiugawa kwa mifuko, 1,400. Nyundo, chekecheo na mikanda ambayo inaisha polepole bila kuonekana, 600. Jumla 23,300. Ukitoa pumba unayouza kwa wafugaji, kama 1,200, inabaki 22,100. Mimi nilikuwa nauza 21,000. Kila mfuko ulioondoka mlangoni uliondoka na franka 1,100 zangu, na iliondoka mifuko 440. Franka 484,000, kama dola 240 za wakati ule. Mshahara wa kijana na vyuma vinavyolika sikuwa nimeviingiza hata siku moja, kwa sababu mshahara nalipa mwisho wa mwezi na vyuma nanunua vikiisha. Jasho langu mwenyewe mpaka leo halimo humo.

Baadaye nilikuja kujua kwa nini depo iliweza bei ile. Mwaka huo Zambia walivuna mahindi kuliko miaka yote ya nyuma, zaidi ya tani milioni 3.5, na mwenye depo alikuwa na malori na mtaji wa kununua mengi kwa mpigo yakiwa rahisi. Hakuwa anauza kwa hasara kama mimi. Mimi nilikuwa nacheza ngoma ya mtu mwingine kwa miguu yangu.

Nilirudisha bei. Wateja wa bei wakavuka barabara siku hiyohiyo, bila hata kuniaga.

Kisha likaja la butiki. Nilikuwa nawapa unga wenye butiki kumi na wanne. Depo iliwapa mkopo: chukua mifuko leo, lipa baada ya siku kumi, lakini unga wa mtu mwingine usionekane dukani kwako. Tisa walikubali. Sikuwalaumu sana, mimi nilikuwa nadai hela mkononi. Shemeji yangu anayefanya kazi kwa wakili akaniambia kuna sheria ya Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani, na kwamba mwenye nguvu sokoni hana ruhusa ya kuitumia nguvu hiyo anavyotaka. Nikafurahi. Nikamuuliza, sasa tunaanzia wapi? Akauliza mashine yangu ina thamani gani. Nikamwambia. Akasema, akiniita yaya kama tunavyomwita dada mkubwa: «Yaya, kesi itakula mashine kabla haijafika nusu.» Sheria ni nzuri kuijua, na ilikuja kunifaa baadaye kwa namna ambayo sikuitegemea, lakini mwaka ule haikunirudishia butiki hata moja.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Mwezi wa tisa nilianza kusema kwamba unga wa depo ni wa zamani, kwamba wanaufungua na kuufunga upya kwenye mifuko mipya. Sikupiga kelele sokoni. Niliwaambia wateja watatu tu, lakini nilichagua wale watatu ambao ukiwaambia wao umeiambia Katuba yote. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa nimewahi kuona mfuko mmoja uliochanika umeshonwa tena, basi, juu ya mfuko huo nikajenga nyumba nzima. Baada ya wiki mbili maneno yakanirudia kutoka kwa mtu nisiyemfahamu, yakiwa yameongezwa panya.

Jioni moja msimamizi wa depo alivuka barabara. Ni kijana, hajafika miaka thelathini. Alikuja peke yake, na mfuko mmoja begani. Nilidhani amekuja kugombana, nikamwita kijana wangu asogee karibu.

«Jambo, mama.»

«Jambo, papa.»

Akaweka mfuko chini, akatoa kisu kidogo, akakata uzi. Akafungua mdomo wa mfuko ukanielekea. «Mama, naomba upike.»

Nilicheka, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Yeye hakucheka. Nikawasha makaa. Nilichemsha maji, nikachota unga wake kwa mkono wangu, nikaunusa nikidhani nitapata angalau harufu ndogo ya ghala. Hakuna. Nikasonga. Tulikula watatu, pamoja na ndagala, yaani dagaa, waliobaki mchana. Bukari ilikuwa nyeupe na laini, inashikana bila kunata vidoleni. Mtu anayesaga unga maisha yake yote hawezi kujidanganya na tonge likiwa mdomoni.

Hakuniuliza kama ni mimi niliyesema. Aliponawa mikono alisema tu: «Mama, mimi ni mfanyakazi. Mauzo yakishuka, atakayefukuzwa si mwenye depo.» Akaniaga vizuri, akaniachia mfuko palepale.

Kesho yake nilienda kwa wale watatu mmoja mmoja, nikawaambia nilidanganya. Mmoja alicheka. Mmoja alisema alijua. Wa tatu, ambaye alikuwa amenunua kwangu tangu wakati wa baba, alinyamaza kidogo akasema: «Kumbe na mahindi unayosema ni mazuri, unasema tu.» Hajarudi mpaka leo, na akipita anapita upande wa pili.

Ningependa kusema nilitulia hapo. Lakini kulikuwa na meka pia. Kwa wasiojua, meka ni kopo tunalopimia unga na mahindi. Wengi hapa hawana hela ya mfuko mzima, wananunua meka moja moja. Kopo likigongwa kidogo chini kwa nyundo, sakafu yake inapanda juu, na unga unapungua bila mtu kuona kutoka mbele. Ujanja huu ni wa zamani sokoni. Langu lilikuwa limegongwa. Sikuligonga mimi, aligonga kijana, lakini niliona siku ya kwanza nikaangalia pembeni, kwa sababu mwezi ulikuwa mbaya.

Nkambo mmoja, bibi kizee anayekuja na bakuli lake la plastiki, alilichukua kopo mkononi mwangu, akaligeuza, akapitisha kidole gumba chini. Halafu akanirudishia, akafungua fundo la kitenge chake akalipa bei kamili. Nilijaza bakuli lile mpaka unga ukamwagika. Kopo jipya nililinunua mchana uleule. Dola 240 niliweza kuzizungumza nyumbani. Kidole kile sikumwambia mtu kwa muda mrefu.

Mambo yalianza kubadilika pale nilipoacha kuangalia mifuko ya ng'ambo ya barabara nikaanza kuangalia mlango wangu mwenyewe: nani bado anaingia, na anataka nini. Niliandika kwa mwezi mzima. Waliokuwa wanaingia ni akina mama wenye mahindi yao kwenye beseni, waliyoletewa na ndugu kutoka kijijini au waliyovuna nyuma ya nyumba. Wanataka kusagiwa tu. Depo haisagi mahindi ya mtu. Waliingia wapika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ambao hawataki unga laini hata kidogo, wanataka chenga. Waliingia wafuga kuku na nguruwe, wanataka pumba na mahindi yaliyovunjwa. Na waliingia wa meka moja, ambao mfuko wa 21,500 kwao ni kama kuambiwa wanunue gari.

Hao wote nilikuwa nawaona kama wateja wadogo wa kujazia siku. Nikabadilisha ratiba: asubuhi kusagisha, kwa sababu akina mama wanataka kuwahi, mchana chenga za munkoyo, kwa chekecheo lenye matundu makubwa, unga wangu mwenyewe jioni. Nilinunua chekecheo la pili dola 35. Kwa ushauri wangu, mtu mwenye shida kama yangu aanze na daftari la mlangoni kabla ya kukopa hata dola moja. Mimi nilikuwa karibu kukopa nifungue «depo yangu». Mungu alinisaidia, aliyetaka kunikopesha alibadilisha mawazo.

Bado mahindi yalikuwa tatizo. Nilikuwa nanunua magunia mawili matatu kwa manseba, wale wanaosukuma baiskeli zilizosheheni mpaka huoni mtu nyuma, na kwa wachuuzi wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Bei ya juu kabisa. Mwenye mashine mwingine wa hukuhuku Katuba, ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya mteja mmoja wa miaka ya nyuma, alinikuta kwa fundi wa mota. Naye depo ilikuwa imefunguliwa karibu yake. Tukaongea tukiwa tumekaa kwenye matairi. Mwezi wa nne 2022, mavuno yanaanza, tulikuwa watu watano: wawili wa Katuba, mmoja wa Kenya, wawili wa upande wa Kisanga. Kila mtu dola 300. Tukakodi lori kwenda kununua kwa wakulima wa barabara ya Kasenga.

Lori la kwanza lilituumiza. Tulimtuma mtu mmoja na dereva, hatukuandika chochote, na kati ya magunia 100 yaliyofika, 14 yalikuwa mabichi ndani. Baada ya wiki mbili yalitoa ukungu. Mmoja wetu alitaka tuyachanganye na mazuri, tusage, nani atajua? Hapo tulibishana mpaka usiku. Mimi nilikuwa tayari nimeshakula bukari ya aibu mwaka uliotangulia, sikuwa na hamu ya nyingine. Tena sumu ya ukungu wa mahindi si mchezo: kule Kenya, nchi ya Kenya nasema, mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100. Na haiondoki kwa kupika. Tuliyatupa yote 14, hata kwa nguruwe hatukuuza. Mmoja alikasirika akachelewesha mchango wake miezi mitatu.

Tangu siku hiyo anayeenda kununua anabeba chupa ya kioo na chumvi. Unachukua chupa kavu, unaweka chumvi kavu vijiko vichache, unaongeza mahindi mpaka kama theluthi moja ya chupa, unafunga, unatikisa vizuri, unaacha dakika kumi. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi, usinunue, au mwambie mkulima ayaanike tena. Ikianguka chini, unaweza kuyachukua. Wakulima walitucheka mwanzoni. Sasa wawili wana chupa zao.

Tulianza pia kuandika. Shemeji yuleyule alitueleza kwamba katika sheria za OHADA, sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, ambazo nchi yetu inazifuata tangu Septemba 2012, watu watano wanatosha kuunda ushirika mdogo wenye jina lake na karatasi zake. Hatukukimbilia. Mwaka mmoja tulikwenda kwa daftari na saini, hela kwenye simu ya mmoja na namba ya siri kwa mwingine, ili hakuna anayeweza kutoa peke yake. Karatasi zilifuata tulipokwisha kuona kwamba tunaweza kugombana bila kuvunjika.

Mtihani mkubwa ulikuja 2024. Mvua zilikosekana upande wa Zambia, mwisho wa mwezi wa pili serikali yao ikatangaza janga la taifa, na unga wa kutoka kule ukawa wa kutafuta. Kuna asubuhi depo ilifunguliwa ikiwa na sakafu tupu. Sisi tulikuwa na akiba, si kubwa, magunia mia na kitu. Foleni ilianzia mlangoni kwangu ikapinda kona. Nilisimama nikawaona watu wa bei, wale walioniacha 2021 bila kwaheri, wamesimama na mifuko mitupu. Nisidanganye, nilisikia raha. Ilidumu labda dakika tano.

Usiku tulikutana. Mmoja akasema tufunge wiki mbili, bei ipande. Mwingine akasema tusifunge, ila tukubaliane wote watano bei moja ya juu, na anayeishusha alipe faini. Ilisikika kama umoja. Nikakumbuka ile sheria ya 2018 niliyotaka kumpelekea depo: wafanyabiashara kukaa chini na kupanga bei pamoja ni kosa humo humo, wakubwa kwa wadogo. Tukawa tunataka kumfanyia mnunuzi kile tulichokuwa tunalilia kufanyiwa. Kununua pamoja, kubeba pamoja, kuazimana mikanda, hayo ni sawa. Bei kila mtu aandike kwenye ubao wake. Tulikubaliana jambo moja tu, kila mnunuzi apewe meka mbili kwa siku, asiwepo wa kununua kumi akauze kona ya pili. Yule wa kufunga alitutoka, akafunga mashine yake kweli, na nasikia alipata hela nzuri. Simwonei wivu kila siku, baadhi ya siku tu.

Wiki ileile nilimpelekea msimamizi wa depo unga wa nyumbani kwake, meka nne, zaidi ya kipimo tulichojiwekea wenyewe. Alitaka kulipa nusu bei kwa utani. Alilipa yote.

Tangu hapo tunafanya kazi pamoja kidogo. Mteja akimwuliza chenga, anamwonyesha mlango wangu. Mteja wa mifuko ishirini ya msiba au harusi akija kwangu, namvusha barabara, sina uwezo huo. Mwezi uliopita alikuja na pendekezo kutoka kwa tajiri wake: sisi wanne tuliobaki tuwasagie mahindi yao kwa mkataba, tufunge kwenye mifuko yao yenye jina lao, hela taslimu kila wiki. Wenzangu wawili wanataka. Mota zingekuwa zinazunguka kutwa. Mimi nimepiga hesabu kwenye daftari mara tatu, safari hii nikiweka mshahara na mikanda na hata jasho langu, na faida ipo. Ila asubuhi ya akina mama wa beseni ingekwisha, na siku tajiri akinunua mashine yake mwenyewe tutakuwa hatuna mteja hata mmoja anayetujua kwa jina.

Nimewaandikia wenzangu pendekezo lingine: tuwasagie siku mbili kwa wiki tu, usiku, na tuwaombe watuuzie pumba zao zote. Jumamosi tunakaa.